Sura ya Nne: Mchongoma wa Mkwajuni Katika Daftari la Maumbile

Daftari la maumbile ni kitabu ambamo mtu huandika na kuchora, kwa tarehe na kwa mahali, yale aliyoyaona kwa macho yake katika viumbe vya eneo lake: mti uliochanua, mdudu aliyekula jani, ndege aliyerudi baada ya kutoweka msimu mzima, au mvua iliyokawia. Linafanana na shajara kwa kuwa hufuata siku, lakini hutofautiana nayo kwa kuwa mwenye daftari hajiandikii habari zake mwenyewe. Kinachoandikwa ni kile ambacho mtu mwingine, akifika mahali palepale katika msimu uleule, angeweza kukihakiki. Mchoro ndio moyo wa daftari hilo, kwa sababu mkono hauwezi kuchora vizuri kitu ambacho jicho halijakikagua, na mara nyingi ni pale penseli inapokwama ndipo mchoraji hutambua kwamba mmea alioufahamu tangu utotoni hajawahi kuutazama sawasawa.

Sura hii inauchukua mmea mmoja, yaani mchongoma, ambao wataalamu wa mimea huuita Flacourtia indica, na mahali pamoja, yaani Mkwajuni, na inatetea hoja moja: kwamba mchongoma hauwezi kuchorwa ukakamilika kwa siku moja, kwa kuwa mmea huu huonyesha sehemu tu ya tabia zake kwa kila msimu na kwa kila kichaka, na kwamba ni mfululizo wa michoro yenye tarehe, iliyochorwa na mtu anayeishi karibu nao, unaoweza kuueleza kwa ukweli. Mgeni anayepita na kamera hupata picha nzuri, ilhali mwenyeji mwenye daftari hupata ushahidi.

Mkwajuni ni makao makuu ya Wilaya ya Songwe, katika Mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Anayetoka Tunduma, mji wa mpakani ulio juu kwenye uwanda wenye baridi, hana budi kushuka ukingo wa Bonde la Ufa kabla ya kufika huko, na katika kushuka huona hewa ikigeuka kuwa ya joto, mashamba ya kahawa ya Mbozi yakibaki nyuma, na pori la miombo likichanganyika na migunga kadiri bonde linavyokaribia Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kulitoa maji, ambalo uso wake uko kwenye kimo cha takribani mita 800 kutoka usawa wa bahari. Mto Songwe unaopita wilayani humo humwaga maji yake katika ziwa hilo, na msomaji asiuchanganye na Mto Songwe mwingine, ule unaoingia Ziwa Nyasa ukiwa mpaka wa Tanzania na Malawi. Mvua ni za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kiangazi kinachofuata ni kirefu na kikali. Mimea ya huko imejipanga kwa kalenda hiyo, na daftari nalo halina budi kuifuata.

Mchongoma ni kichaka au mti mdogo wa mita 3 hadi 5, ingawa penye udongo mzuri huweza kufikia hata mita 10, na huota kwa asili katika sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki, Madagaska na nchi za Asia ya kusini. Katika mapori ya miombo huonekana mara nyingi juu ya vichuguu, kwa sababu mchwa hupandisha kutoka chini udongo laini wenye madini mengi kuliko ardhi inayokizunguka kichuguu, na vichaka ambavyo vingedumaa kwenye kichanga hupata hapo nafasi ya kustawi. Matunda yake, yenye ladha tamu iliyochanganyika na uchachu na ukakasi kidogo, huliwa na watoto wachungaji, na huliwa vilevile na ndege, tumbili na nyani, ambao kwa kula huko huzisambaza mbegu. Miiba yake ndiyo iliyoupa sifa katika lugha, kwa kuwa hakuna Mswahili asiyejua kwamba kupanda mchongoma si kazi, kushuka ndiyo ngoma.

Jina la kitaalamu lina historia yake. Jenasi Flacourtia, na jenasi ni kundi la spishi zenye udugu wa karibu, ilipewa jina la Étienne de Flacourt, liwali Mfaransa aliyetawala makazi ya Wafaransa huko Madagaska katikati ya karne ya 17 na kuchapisha kitabu kikubwa kuhusu kisiwa hicho mwaka 1658, na neno indica linaonyesha kwamba spishi ilielezwa kwanza kwa vielelezo vilivyohusishwa na India. Mmea ambao babu na bibi wa bonde la Rukwa waliula, wakauzungushia maboma na kutengenezea mipini ya majembe, uliingia katika vitabu vya wanasayansi kwa mlango wa mbali sana, na hali hiyo inatosha kueleza kwa nini bado kuna mengi kuuhusu ambayo hayajaandikwa na watu wanaouona kila siku.

Uchoraji wa mimea katika Afrika Mashariki ulianza na misafara. James Augustus Grant, aliyeandamana na John Hanning Speke kati ya mwaka 1860 na 1863 kutoka pwani ya Zanzibar kupitia Unyanyembe hadi Buganda na kuteremka Nile, alichora kwa penseli na rangi za maji watu, mandhari na mimea aliyoikuta njiani, na mimea iliyokusanywa katika safari hiyo ikaja kuelezwa, pamoja na michoro yake, katika chapisho la Jumuiya ya Linnaeus ya London lililoanza kutoka mwaka 1872. Karatasi zile zilibebwa na wapagazi, na msafara ulikuwa na viongozi wa Kiafrika mashuhuri kama Sidi Mubarak Bombay. Si vigumu kutambua kwamba mgeni asingeweza kujua ni tunda gani linalolika na ni mzizi gani unaoua kama hakuwapo mtu wa kumwambia, na kasoro kubwa ya madaftari ya zama zile ni kwamba watu hao wa kumwambia hawakuandikwa kwa majina yao ila kwa nadra.

Karibu zaidi na Mkwajuni, Mjerumani Walther Goetze alikusanya mimea mwaka 1899 katika nyanda za kusini-magharibi, pamoja na nchi ya Wanyiha, na akafariki mwaka huohuo kabla ya kurudi kwao. Vielelezo vyake, yaani matawi yaliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, vilipelekwa Berlin, ambako Adolf Engler, mkurugenzi wa bustani ya mimea ya mji huo, alichapisha maelezo yake mwaka 1900. Kisha, usiku wa tarehe 1 Machi 1943, mabomu ya Vita Kuu ya Pili yaliliteketeza jengo la hebaria ya Berlin, na hebaria ni ghala la vielelezo hivyo vilivyokaushwa, na sehemu kubwa ya hazina ya mimea ya Afrika Mashariki ikageuka majivu. Baada ya moto huo, kwa mimea kadhaa ya bara la Afrika, michoro iliyochapishwa pamoja na maelezo ilipata uzito mpya, kwa kuwa kanuni za kimataifa za majina ya mimea zinaruhusu, kwa majina ya zamani, mchoro usimame badala ya kielelezo kilichopotea na kuwa ndio unaoamua jina hilo ni la mmea upi. Anayeuona mchoro wa mmea kuwa pambo la ukurasa tu na aukumbuke usiku huo.

Kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda, iliyoongozwa kutoka bustani ya Kew nchini Uingereza, ilianza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, ikiwa imeeleza zaidi ya spishi 12,000, na ndani yake mna michoro ya wino ambayo mtafiti wa leo bado huitegemea. Kwa msomaji wa kawaida, hata hivyo, kitabu chenye msaada wa karibu zaidi ni kile cha mimea pori inayoliwa nchini Tanzania, kilichotoka mwaka 2002, ambacho C. K. Ruffo alikiandika pamoja na Ann Birnie na Bo Tengnäs, na ambamo kila mmea una mchoro wake pamoja na majina ya lugha mbalimbali za nchi. Kitabu cha namna hiyo kinastahili kuwekwa katika kila maktaba ya sekondari, kwa kuwa humwonyesha mwanafunzi kwamba mmea wa nyuma ya bweni lake ni somo lenye hadhi sawa na somo lolote la maabara.

Vifaa vya mchoraji wa Mkwajuni havihitaji kuwa vya gharama. Daftari la jalada gumu lisilo na mistari, penseli ya kawaida ya HB na nyingine laini zaidi ya 2B, rula, wembe na kioo cha kukuzia vinatosha, na penseli ina ubora ambao kalamu ya wino wa duka haina, kwa kuwa kiini chake ni grafiti, madini ambayo hayapauki kwa jua wala hayachuruziki karatasi ikiloa. Kwa mahali penye joto la bonde na manyunyu ya ghafla ya Desemba, sifa hiyo ni kubwa kuliko uzuri wowote wa rangi.

Mchoro wa kwanza huwa wa kichaka kizima, tena huwa mdogo, usiozidi robo ya ukurasa, nao huonyesha umbo la jumla na mahali kilipoota: juu ya kichuguu, ukingoni mwa korongo, au kwenye boma la zamani. Hapo mchoraji hajishughulishi na jani lolote, ila hutafuta shina linagawanyika umbali gani kutoka ardhini, matawi yanainuka au yanainama, na nafasi tupu zilizo kati ya matawi zina maumbo gani, kwani nafasi hizo ni rahisi kuzichora kwa usahihi kuliko matawi yenyewe, ambayo akili hupenda kuyanyoosha kuliko yalivyo. Pembeni huwekwa mtu au jembe la kukadiria urefu, na gome huandikwa kwa maneno, kuwa ni la kijivu kilichopauka kwenye shina changa na linaweza kubanduka kwa magamba kwenye shina kuu.

Baada ya hapo penseli husogea karibu, na sehemu ya kwanza kukaguliwa ni mwiba, kwa sababu ndio unaouelezea mchongoma kuliko kitu kingine chochote. Mimea ina miiba ya asili tofauti. Ile ya waridi ni vichomozo vya ngozi ya nje tu, inayobanduka kwa kusukumwa na kidole gumba. Ile ya mkunazi hukaa kwa jozi chini ya jani, pahali pa vijisehemu viwili ambavyo kwa mimea mingine huwa kama vijani vidogo vya kulinda chipukizi. Lakini mwiba wa mchongoma ni tawi lililogeuka. Hutoka kwapani mwa jani, yaani kwenye pembe iliyo kati ya kikonyo na kijiti, mahali ambapo kwa kanuni ya mimea tawi ndilo hutoka, na ushahidi wa asili hiyo uko wazi kwa mwenye kioo cha kukuzia: chini ya mwiba huonekana jani au kovu la jani lililoanguka, na mara nyingine mwiba wenyewe hubeba vijani au maua, na kwenye shina kuu huweza kugawanyika ukawa miiba mingi inayotokana na mmoja, yenye urefu unaopita kidole. Mchoraji anayeubandika mwiba popote kwenye kijiti, kwa kuwa anajua tu kwamba mchongoma una miiba, amechora kitu kisichokuwapo. Anayeanza na kovu la jani na kuupandisha mwiba kutoka hapo ameeleza kwa mstari mmoja jambo ambalo mwandishi angelihitaji aya nzima kulieleza.

Miiba hiyo pia ndiyo humtatiza mwanafunzi, kwa kuwa hupungua kadiri mmea unavyokua na kuinuka. Mche mchanga, na chipukizi linalotoka kwenye kisiki kilichokatwa, huwa na miiba mirefu na mingi, ilhali matawi ya juu ya mti mkubwa huweza kuwa hayana hata mmoja, kiasi kwamba mtu aliyeletewa tawi la juu peke yake angeapa kuwa huo ni mmea mwingine. Ni vema kwa hiyo daftari liwe na vijiti viwili vilivyochorwa sambamba, kimoja cha chini na kimoja cha juu, kutoka mmea uleule na siku ileile, na kila kimoja kiandikwe kimo kilikotoka.

Majani yamepangwa kwa kupishana kijitini, jani moja upande huu na linalofuata upande ule, na kingo zake zina meno butu madogo ambayo mchoraji mvivu huyaruka. Umbo hubadilika mno: kuna majani ya yai lililopinduliwa, mapana zaidi karibu na ncha, na kuna ya duaradufu, na urefu huanzia sentimita chache hadi zaidi ya 10. Katika hali kama hiyo jani moja lililochaguliwa kwa uzuri wake linadanganya. Njia ya uaminifu ni kuyachora matatu, dogo, la kati na kubwa, kwa ukubwa halisi, na kuweka chini yake mstari wa kipimo, yaani mstari mfupi ulioandikwa urefu wake, ambao hudumu kuwa kweli hata ukurasa ukipunguzwa au kukuzwa kwa mashine ya kunakili. Kupishana kwa majani na meno ya kingo ndiko kunakoutenga mchongoma na mtandamboo, kichaka kingine cha miiba chenye matunda meusi yanayoliwa, ambao majani yake hukaa kwa jozi zinazotazamana, kingo zake ni laini, na kijiti chake kikivunjwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa.

Rangi hudai uangalifu wake. Majani machanga ya mchongoma, yanapochipua mwishoni mwa kiangazi au mvua zinapoanza, huwa na wekundu unaoelekea waridi kabla ya kugeuka kijani, na matunda hupitia kijani na wekundu hadi kufikia damu ya mzee au zambarau iliyokolea. Kwa asiye na rangi za maji, maneno ya Kiswahili yanatosha yakitumiwa kwa makini na kufungwa kwenye sehemu husika kwa mshale: hudhurungi, kijivu, samli, damu ya mzee. Yafaa pia kuandika saa, kwa kuwa rangi ya tunda lilelile chini ya jua la saa sita mchana na la saa kumi na mbili jioni si moja, na anayesoma daftari baadaye hana namna ya kulijua hilo asipoambiwa.

Maua ni madogo, ya kijani kibichi chenye umanjano, na mpita njia hayaoni kabisa. Hayana petali, yaani zile sehemu za rangi ambazo watu wengi hudhani ndizo ua lenyewe. Yana sepali chache tu, vijani vidogo vya nje vinavyolikinga ua likiwa bado tumba. Tena, kwa kawaida mchongoma mmoja huwa ama wa kiume ama wa kike. Ua la kiume ni kishada cha stameni nyingi, nyuzi nyembamba zenye vifuko vya chavua nchani, na ua la kike lina ovari katikati, chombo kitakachokuwa tunda, ambayo juu yake husimama staili kadhaa, vijiti vifupi vya kupokelea chavua, vilivyotawanyika kuelekea nje. Hapa ndipo hoja ya sura hii inapopata nguvu yake yote. Mtu aliyeuchora mchongoma wenye maua ya kiume, akaurudia miezi kadhaa baadaye akitafuta matunda, hatayapata hata akiurudia miaka 10, naye huenda akaandika kwamba mwaka ule matunda yalikosekana kwa ukame, ilhali mmea ule haukuwa wa kuzaa. Dawa ya kosa hilo ni kuvitia alama vichaka kadhaa, kuvipa namba katika daftari, na kuvizungukia vilevile kila mwezi, ili ua lililochorwa Novemba na tunda lililochorwa mvua zinapokwisha vijulikane kuwa ni vya kichaka kimoja.

Tunda lenyewe ni la mviringo, lenye kipenyo kisichozidi kwa kawaida sentimita 2.5, na kichwani mwake hubaki mabaki ya zile staili, yamekauka na kupangika kama nyota ndogo. Alama hii hubaki hata tunda likiiva na kulainika, na mchoraji akizihesabu ncha zake anakuwa ameunganisha tunda na ua lililolizaa bila kuhitaji maelezo mengine. Katika elimu ya mimea, beri ni tunda ambalo nyama yake ni laini kuanzia ngozi hadi katikati na mbegu zimezama ndani ya nyama hiyo, kama ilivyo kwa nyanya, na tunda la kokwa ni lile lenye ganda gumu linalofunika mbegu ndani ya nyama, kama embe. Tunda la mchongoma limewagawa waandishi, wengine wakiliita beri na wengine wakilihesabu karibu na matunda ya kokwa, kwa sababu mbegu zake zina maganda magumu, kila moja na lake, ingawa nyama inayozizunguka ni laini kote. Wembe huleta mwanga katika mjadala huu kuliko kamusi: tunda moja likatwe kwa mlalo na jingine kwa wima, yachorwe yote mawili mara mbili ya ukubwa halisi, mbegu zihesabiwe, na ionyeshwe jinsi zilivyopangwa, mara nyingi mbili mbili, moja juu ya nyingine. Mchoro huo una thamani kuliko kitu kingine chochote ambacho daftari la mchongoma linaweza kubeba, na ndio unaoachwa na wengi, kwa kuwa tunda lililokatwa halipendezi macho kama tawi lenye matunda mekundu.

Jani lililoliwa lisiachwe lipite, kwani mchoraji anayelichuma na kulitupa ili apate jani zima anatupa habari kubwa. Miongoni mwa viwavi wanaokula mchongoma yumo yule wa kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye madoa meusi anayeitwa kitaalamu Phalanta phalantha, anayeenea Afrika na Asia, na kiwavi huyo hula pia majani ya miti ya jenasi Salix, ambayo kwa Tanzania huota kandokando ya mito. Kwa muda mrefu vitabu viliuweka mchongoma katika familia yake ya Flacourtiaceae, mbali na miti hiyo ya mitoni. Uchunguzi wa vinasaba mwanzoni mwa karne hii ndio uliovunja mpaka huo na kuuhamishia mchongoma katika familia ya Salicaceae, ambamo Salix imo. Kiwavi alikuwa akiutambua udugu huo kwa mdomo wake tangu zamani, na yeyote aliyechora jani, kiwavi na kipepeo kwa pamoja alikuwa na ushahidi mkononi kabla ya maabara.

Ukurasa wa mwisho kwa kila kichaka ni wa maneno ya watu. Wilaya ya Songwe ina Wabungu, Wanyiha, Wasafwa, na wafugaji wa Kisukuma waliohamia, na kila lugha ina majina yake ya mimea, ambayo wazee huyatoa kwa ukarimu kwa kijana anayefika kwa adabu, akaanza na shikamoo, akaketi na kuonyesha mchoro wake badala ya kutaja jina la kitabuni. Mchoro huwa na faida hapo, kwa kuwa mzee hauthibitishi tu mmea bali husahihisha: hapa mwiba umeuzidisha, hapa tunda hukaa juu ya tawi na haliningʼinii. Mizizi na majani ya mchongoma hutumika katika tiba za asili sehemu nyingi za Afrika, na daftari liyaandike maelezo ya matumizi hayo kwa jina la aliyeyatoa, akiridhia, na kama maelezo yake, bila kuyageuza kuwa ushauri wa dawa kwa msomaji. Kwa kufanya hivyo mwandishi wa leo atarekebisha kasoro ya misafara ya karne ya 19, ambayo iliyabeba maarifa na kuyaacha majina ya wenye maarifa njiani.

Kazi hii ina haraka yake. Ukanda wa dhahabu wa Lupa, unaoenea kutoka Chunya hadi maeneo ya Saza karibu na Mkwajuni, umechimbwa tangu miaka ya 1920, na uchimbaji mdogo unahitaji magogo ya kukingia kuta za mashimo na kuni za kambi. Tumbaku inahitaji kuni za kukaushia. Mkaa unapelekwa mijini. Na mashamba mapya hufyekwa kila kiangazi. Mchongoma wenyewe si mmea ulio hatarini, kwa kuwa huchipua upya kwenye visiki na una eneo kubwa la kuishi, lakini kichuguu fulani chenye mchongoma wa kiume na wa kike, viwavi wake na jina lake la Kibungu kinaweza kutoweka katika wiki moja ya kufyeka bila kuacha kumbukumbu yoyote.

Walimu wa Mkwajuni, Saza na Galula wanao uwezo wa kuianza kazi hii bila kusubiri mradi wala mfadhili. Darasa moja likichagua vichaka vichache vilivyo katika umbali wa kutembea, likavichora mara moja kwa mwezi kuanzia kiangazi hadi kiangazi kinachofuata, likaandika tarehe, saa, mahali na jina la kila aliyetoa habari, litakuwa limefanya jambo linaloweza kutumiwa na mtafiti wa Hebaria ya Taifa iliyoko Arusha au ya misitu iliyoko Lushoto. Nakala ya daftari itumwe huko pamoja na tawi lililokaushwa, na daftari lenyewe libaki shuleni, ili darasa linalofuata liendelee na vichaka vilevile.